Kupima asetilkolinesterasi ya C. elegans: mwongozo kwa anayeanza maabara Nairobi

Kila kundi jipya la wanafunzi likiingia maabara, maswali ni yale yale. "Mutanti wangu wa ace-1 (mnyoo aliyeharibika jeni hiyo) anatembea sawasawa na mnyoo wa kawaida. Nimetumiwa mnyoo asiye sahihi?" "Mbona kuveti (kichupa cha kupimia rangi) isiyo na sampuli inageuka njano?" "Naweza kutumia dawa ya minyoo ya mbuzi kutoka agrovet?" Nimeyajibu hapa yote, kwa mpangilio wa kazi yenyewe, ili uanze leo na ufike kwenye namba unayoweza kuitetea mbele ya msimamizi wako.

Nianze na msimamo wangu, kwa sababu hatua zote zinausimamia: usimhukumu mnyoo kwa mwendo wake peke yake. Katika jeni hizi mwendo hudanganya. Pima kimeng'enya.

Nadharia kidogo, ya kukutosha

Neva inapotaka msuli ujikunje, humwaga kemikali iitwayo asetilkolini kwenye mwanya ulio kati yao. Kimeng'enya cha asetilkolinesterasi huikata asetilkolini hiyo kuwa kolini na asetati, msuli ukalegea. Bila kimeng'enya hicho msuli hubaki umekazwa.

Mnyoo mviringo Caenorhabditis elegans ana urefu wa takriban milimita 1, na huntha wake mzima (anayetoa mayai na mbegu za kiume, hivyo hujizalia) ana neva 302. Ana jeni 4 za kimeng'enya hiki. Ace-1 iko kwenye kromosomu X, hutengeneza kimeng'enya cha daraja A na hufanya kazi hasa misulini. Ace-2 iko kwenye kromosomu I, hutengeneza daraja B na hufanya kazi hasa kwenye neva. Ace-3 na ace-4 zimepangana pua kwa mkia kwenye kromosomu II. Ace-3 hutengeneza daraja C, ambalo ni sehemu ndogo ya nguvu yote ya kimeng'enya mwilini. Ace-4 husomwa na seli, lakini hakuna nguvu ya kimeng'enya iliyothibitishwa kutoka kwake, kwa hiyo usihangaike nayo kwa sasa.

Jambo la kukariri ni hili. Ukiharibu jeni moja kati ya ace-1, ace-2 na ace-3, mnyoo huonekana mzima. Ukiharibu ace-3 pamoja na moja tu kati ya zile mbili, bado utamwona mzima. Ukiharibu ace-1 na ace-2 kwa pamoja, anaishi na kuzaa, lakini mwendo wake unavurugika. Ukiharibu zote tatu, hakui: anakufa karibu na wakati wa kuanguliwa. Ni kama ndugu watatu wa boma moja, mmoja akisafiri waliobaki wanabeba kazi yake na jirani hajui kama kuna aliyeondoka. Basi swali la kwanza limejibika: huenda mutanti wako wa ace-1 ni sahihi kabisa. Macho hayawezi kukuambia, spektrofotomita, mashine ya kupima rangi, inaweza.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Minyoo: N2, ambaye ndiye mnyoo wa kawaida wa kulinganishia na asili yake ni Bristol, Uingereza, ace-1(p1000), ace-2(g72), na wale wenye mabadiliko yote mawili. Huagizwa kutoka hifadhi ya minyoo ya CGC katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Shughulikia vibali vya kuingiza viumbe hai nchini kabla ya kuagiza, si baada. Kifurushi kikichelewa forodhani usikate tamaa, maana lava (minyoo wachanga) wenye njaa hukaa wiki kadhaa na wakifika kwenye chakula huamka.

Chakula: bakteria wa OP50.

Vifaa: hadubini ya stereo, kijiti chenye waya wa platinamu, taa ya spiriti, sentrifuji yenye ubaridi, spektrofotomita inayosoma nanomita 412, pipeti zilizopimwa usahihi hivi karibuni, na barafu nyingi kuliko unavyodhani utahitaji.

Kemikali: iodidi ya asetiltiokolini, DTNB (inayotoa rangi ya njano), Triton X-100 (sabuni), Tris, chumvi za fosfati, sukrosi, eserini (kizuizi cha kimeng'enya hiki), na vitendanishi vya BCA vya kupimia protini. Kwa kusafishia mayai, Jik ya kawaida isiyo na manukato inatosha, mradi chupa isiwe imekaa wazi miezi.

Maji: yaliyokenekwa. Maji ya bomba hayafai, na ya kisima cha mtaani hayafai zaidi.

Chumba cha digrii 20: hapa Nairobi tuna bahati, sehemu kubwa ya mwaka chumba cha kawaida hukaribia hapo. Lakini Julai hubadilisha kila kitu. Kwa digrii 20 mnyoo humaliza mzunguko wa yai hadi yai kwa siku 3 na nusu hivi. Kwa digrii 15 huchukua siku 5 na nusu hivi. Kwa digrii 25, siku 2 na nusu. Kama huna inkubeta, weka kipimajoto ndani ya kabati la minyoo na uandike kiwango asubuhi na jioni. Bila rekodi hiyo huwezi kulinganisha sampuli ya Julai na ya Februari.

Sehemu ya kwanza: kupata minyoo wa rika moja

1. Tengeneza agari ya NGM, ya kukuzia minyoo. Kwa lita 1: chumvi ya mezani isiyo na iodini gramu 3, peptoni gramu 2.5, agari gramu 17, maji mililita 975. Pika kwenye otoklevu. Ikipoa hadi digrii 55, ongeza kwa mpangilio huu: mililita 1 ya kolesteroli (miligramu 5 kwa mililita ya ethanoli), mililita 1 ya kloridi ya kalsiamu ya mola 1, mililita 1 ya salfati ya magnesiamu ya mola 1, na mwisho mililita 25 za bafa ya fosfati ya potasiamu ya mola 1, pH 6.0. Tikisa kila unapoongeza. Ukimwaga fosfati na kalsiamu pamoja bila kutikisa utapata ukungu mweupe, na ukungu huo hauondoki.

2. Mimina kwenye sahani za milimita 90, acha zikauke usiku mmoja, kisha weka OP50 katikati. Bakteria wasifike ukingoni, kwa sababu minyoo huwafuata, hupanda ukuta wa sahani na kukauka huko.

3. Kuza minyoo hadi sahani ijae wazima wenye mayai. Wakusanye kwa bafa ya M9 (maji ya chumvi ya kuoshea minyoo) kwenye mrija wa mililita 15.

4. Safisha mayai kwa Jik na soda kali. Lengo ni hipokloriti asilimia 1 na hidroksidi ya sodiamu mola 0.5. Ikiwa chupa yako imeandikwa asilimia 3.5, kwa mililita 10 changanya Jik mililita 2.9, hidroksidi ya sodiamu ya mola 5 mililita 1, na maji mililita 6.1. Soma lebo yako, kwa maana si chupa zote zinalingana. Tikisa huku ukiangalia kwa hadubini. Miili ikishakatika na mayai kumwagika, simamisha papo hapo kwa kujaza mrija M9. Dakika 5 ni nyingi. Mayai yaliyokaa dakika 8 huenda yasiangue.

5. Osha mara 3 kwa M9, kisha acha mayai kwenye M9 bila chakula usiku kucha huku mrija ukitikiswa polepole. Yataangua na wote watasimama hatua ya L1, ya kwanza ya lava, wakisubiri chakula. Hapo ndipo unapopata rika moja.

6. Weka L1 takriban 2,000 kwa kila sahani ya milimita 90, sahani 5 au 6 kwa kila aina. Subiri siku 2 na nusu kwa digrii 20, uwapate wazima wachanga. Usiwaache wataage: mayai na watoto watabadilisha uwiano wa protini na namba zako zitayumba.

Onyo. Kuza aina zote kwa wakati mmoja, kwa agari ya pishi moja. Wale wenye mabadiliko mawili wakiwa nyuma kidogo, pima wanapofika umri ule ule wa mwili, si saa ile ile ya ukutani.

Sehemu ya pili: kusafisha na kusaga

Hapa ndipo wengi huharibu kazi bila kujua. Bakteria waliobaki huongeza protini kwenye sampuli bila kuongeza kimeng'enya chochote, na mwishoni mutanti na mnyoo wa kawaida wote wanaonekana dhaifu.

1. Kusanya minyoo kwa M9 baridi. Waache wazame wenyewe kwenye barafu dakika 10, ondoa maji ya juu yenye ukungu wa bakteria. Rudia mara 3.

2. Waache dakika 20 hadi 30 kwenye M9 ya joto la chumba, wamalize kilicho tumboni. Osha tena.

3. Kama bado kuna uchafu, wachanganye na sukrosi ya asilimia 60 iliyopozwa, kiasi sawa kwa sawa, kisha zungusha kwenye sentrifuji dakika chache. Minyoo hai huelea juu kama utando wa krimu. Uchafu na waliokufa huzama. Toa ule utando haraka uoshe kwa M9 baridi mara 3, kwa sababu sukrosi huwanyonya maji.

4. Pima ujazo wa kitonge cha minyoo. Mikrolita 50 zinatosha. Gandisha kwa digrii 80 chini ya sifuri, au endelea hapo hapo.

5. Ongeza bafa ya kusagia mara 5 ya ujazo wa kitonge: Tris milimola 20 pH 7.5, chumvi mola 0.5, Triton X-100 asilimia 1. Triton si pambo. Sehemu ya kimeng'enya hiki imeshikamana na utando wa seli, na bila sabuni itatupwa pamoja na makapi.

6. Gandisha na kuyeyusha mara 3, kisha saga kwa mchi mdogo wa plastiki ndani ya mrija, mrija ukiwa kwenye barafu. Ukitumia sonikesheni, piga kwa vipindi vifupi vya sekunde 5 na upumzishe kati yake. Mrija ukipata joto mkononi, umeshachelewa. Weka tone moja chini ya hadubini. Ukiona miili mizima yenye ngozi isiyopasuka, endelea kusaga. Ngozi ya mnyoo huyu ni ngumu kuliko inavyoonekana.

7. Zungusha kwa g 10,000, dakika 10, digrii 4. Chukua maji ya juu, yagawe kwenye mirija midogo, weka kwenye barafu.

Onyo kubwa. Usiweke DTT wala beta-merkaptoethanoli kwenye bafa hii. Vyote viwili vina tioli, yaani kikundi cha salfa na hidrojeni, na DTNB hugeuka njano ikikutana na tioli yoyote. Kuveti itawaka njano kabla hujaongeza chochote. Pia usiongeze PMSF kwa mazoea ya kulinda protini. PMSF hushambulia serini iliyo kwenye kitovu cha vimeng'enya vya jamii hii, na inaweza kukuulia kile kile unachotaka kupima.

8. Pima protini kwa BCA. Bradford husumbuliwa na Triton. Kama huna ila Bradford, punguza ukali wa sampuli mara 20 au zaidi na uweke kiasi kile kile cha Triton kwenye mkondo wako wa viwango. Kisha sawazisha sampuli zote ziwe miligramu 2 kwa mililita.

Sehemu ya tatu: kipimo chenyewe

Tunatumia njia ya Ellman, iliyochapishwa mwaka 1961 na hadi leo ndiyo nafuu na ya kuaminika. Kimeng'enya hukata asetiltiokolini, inatoka tiokolini, tiokolini inakutana na DTNB na rangi ya njano inatokea. Kasi ya njano ndiyo kasi ya kimeng'enya.

1. Tayarisha bafa ya fosfati mola 0.1, pH 8.0. Tayarisha DTNB milimola 10 kwenye fosfati ya pH 7.0, ifunike kwa karatasi ya foili. Tayarisha asetiltiokolini milimola 100 kwa maji, siku hiyo hiyo, ikae kwenye barafu.

2. Kwenye kuveti ya mililita 1 weka: bafa mikrolita 907, DTNB mikrolita 33, sampuli mikrolita 50. Changanya kwa kupindua taratibu.

3. Subiri dakika 5 hadi 10. Utaona njano hafifu ikipanda kisha kutulia. Hiyo si kazi ya kimeng'enya; ni tioli zilizomo kwenye protini na glutathioni ya mnyoo. Anayeruka hatua hii huhesabu tioli hizo kama kimeng'enya, na hapo ndipo mutanti "anapata" nguvu asiyokuwa nayo.

4. Ongeza asetiltiokolini mikrolita 10, changanya, anza kusoma nanomita 412 mara moja, kila sekunde 15 au 30, kwa dakika 5.

5. Chora mstari. Tumia sehemu iliyonyooka tu. Mstari ukianza kupinda mapema, sampuli ina nguvu nyingi mno. Ipunguze nusu urudie.

6. Kwa kila awamu weka kuveti hizi za ulinganisho: moja yenye kila kitu isipokuwa sampuli, kwa sababu asetiltiokolini huvunjika yenyewe polepole kwenye pH 8, na hilo ndilo jibu la swali la pili, moja yenye sampuli iliyochemshwa digrii 95 kwa dakika 5, na moja yenye sampuli iliyokaa na eserini mikromola 10 kwa dakika 15. Kumbuka daraja C huvumilia eserini kuliko A na B, kwa hiyo mabaki madogo baada ya eserini si lazima yawe kosa lako.

Hesabu. Tuseme sampuli inapanda 0.060 kwa dakika na kuveti isiyo na sampuli inapanda 0.010. Tofauti ni 0.050. Gawanya kwa 14.15, ambayo ndiyo nguvu ya rangi ya njano hiyo kwa milimola 1 kwenye njia ya sentimita 1. Unapata milimola 0.00353 kwa dakika, yaani nanomoli 3.53 kwa dakika ndani ya mililita 1. Uliweka mikrolita 50 za miligramu 2 kwa mililita, ambayo ni miligramu 0.1 ya protini. Gawanya: nanomoli 35.3 kwa dakika kwa miligramu. Namba hizi ni za mfano wa hesabu tu, usizitumie kama lengo.

Ukisomea kwenye sahani ya visima 96, njia ya mwanga si sentimita 1. Kisima chenye mikrolita 200 kina kina cha zaidi kidogo ya nusu sentimita, hutegemea umbo la kisima. Pima kina hicho kwa mashine yako, usikikisie.

Utegemee nini? N2 awe juu. Ace-1 na ace-2, kila mmoja peke yake, washuke waziwazi chini ya N2 ingawa wanatembea vizuri. Wenye mabadiliko yote mawili washuke karibu na sakafu, wabaki na kile kidogo cha daraja C. Mpangilio huo ukitokea, kipimo chako kinafanya kazi. Na rudio maana yake ni minyoo waliokuzwa upya, mara 3 kwa uchache. Kuveti 3 kutoka mrija mmoja ni rudio la pipeti yako tu.

Sehemu ya nne: kutengeneza mwenye mabadiliko mawili mwenyewe

Unaweza kumwagiza, lakini ninawashauri wanafunzi wamtengeneze, kwa sababu hapa jenetiki na baiokemia zinashikana mkono mbele ya macho yako.

1. Pata madume wa ace-2. Kwa kawaida madume ni wachache mno kati ya minyoo hawa, kwa hiyo pandisha joto la huntha wa L4 (hatua ya mwisho ya lava) hadi digrii 30 kwa saa 5 hivi, kisha tafuta madume kwenye kizazi kinachofuata na uwadumishe kwa kuwapandisha na huntha wenzao.

2. Weka madume 8 hadi 10 na huntha 2 au 3 wa ace-1, hatua ya L4, kwenye sahani ya milimita 35 yenye doa dogo la OP50.

3. Angalia kizazi cha kwanza. Kama karibu nusu ni madume, kupandana kumefanikiwa. Kama ni huntha watupu, walijizalia wenyewe, anza upya.

4. Chukua huntha wachanga kutoka sahani yenye madume wengi, mmoja mmoja kwa sahani yake. Hawa wana nakala moja nzima ya kila jeni. Waache wajizalie.

5. Kwenye kizazi cha pili tafuta wenye mwendo uliovurugika. Kwa hesabu ni 1 kati ya 16. Mguse mnyoo kichwani polepole kwa unyusi uliogundishwa kwenye kijiti. Wa kawaida hurudi nyuma kwa mawimbi laini. Mwenye mabadiliko mawili hujaribu kurudi, mwili unakaza na kufupika, anakwama hapo kwa muda kabla ya kulegea. Ukishamwona mmoja hutamsahau, na kuanzia hapo jicho lako litawachagua wenyewe.

6. Hamisha kila mmoja peke yake, thibitisha watoto wote wana mwendo huo huo, kisha pima kwa Ellman.

Kuna jambo la kufurahisha hapa. Kwa kuwa ace-1 iko kwenye X na dume ana X moja tu, madume wote wa kizazi cha kwanza kutoka kwa mama wa ace-1 hawana daraja A hata kidogo. Wanatembea sawa kwa sababu bado wana nakala moja nzima ya ace-2.

Kuhusu aldikabu na dawa ya mbuzi

Wengi wanasoma kuhusu kipimo cha kupooza na wanataka kukifanya wiki hiyo hiyo. Mantiki yake ni nzuri. Aldikabu huzuia asetilkolinesterasi, asetilkolini inarundikana, mnyoo anakakamaa na kupooza. Kwa agari yenye milimola 1, N2 wengi hupooza ndani ya saa 2 hivi. Mutanti anayemwaga asetilkolini kidogo, kama wa unc-13, unc-17 au cha-1, huchelewa kupooza. Levamisoli, dawa ya minyoo ya mifugo, huruka hatua hiyo na kuamsha vipokezi vya msuli moja kwa moja. Mutanti wa unc-29, unc-38 au unc-63, wasio na kipokezi kamili, huihimili. Kwa hiyo anayestahimili aldikabu lakini anapoozeshwa na levamisoli ana tatizo upande wa neva. Anayestahimili zote mbili, tafuta tatizo msulini.

Lakini aldikabu ni miongoni mwa viuatilifu vyenye sumu kali zaidi kwa binadamu, kwa sababu asetilkolinesterasi yako nayo huizuia. Fanya kazi hii pale tu penye idhini ya usalama ya taasisi, kofia ya kutolea hewa, glavu, chupa maalumu ya taka, na mtu wa pili chumbani. Usipime unga mkavu mwenyewe kama hujafunzwa. Na usinunue mtaani kiuatilifu kisicho na lebo ukidhani umepata kitendanishi: hujui ndani kuna nini wala ni kiasi gani, na kinaweza kukuua.

Kwa anayeanza, anza na levamisoli. Tumia hidrokloridi ya levamisoli ya maabara, inayeyuka kwenye maji. Ile ya agrovet ya kunywesha mbuzi haifai: nyingi zimechanganywa na oksiklozanidi, na mara nyingi huwa na rangi na vihifadhi. Jaribu kwanza viwango kadhaa, tuseme milimola 0.1, 0.2, 0.4 na 0.8, uchague kile kinachopoozesha N2 ndani ya saa 1. Weka wazima wachanga 25 kwa sahani, waguse kichwani na mkiani kila dakika 10, na anayekosa kusogea kabisa mara 3 mhesabu amepooza. Mwenzako akufichie majina ya sahani. Ukijua sahani ipi ni ya mutanti, kidole chako kitamgusa kwa upole zaidi.

Levamisoli si jambo la vitabuni tu hapa kwetu. Mbuzi na kondoo wanaosumbuliwa na Haemonchus contortus hutibiwa kwa dawa za kundi hili, na usugu wake huanzia kwenye vipokezi vya jamii ile ile unayoichunguza kwa C. elegans.

Mambo yakienda mrama

*Njano inapanda hata kwenye kuveti isiyo na sampuli.* Kidogo ni kawaida, ndiyo maana tunaitoa. Ikipanda kwa kasi, asetiltiokolini imezeeka au pH imepita 8. Tengeneza mpya, pima pH kwa mita iliyosawazishwa asubuhi hiyo.

*Njano nyingi kabla ya kuongeza asetiltiokolini.* Kuna tioli kwenye bafa, au ulisaga kwenye mrija uliowahi kubeba DTT. Badilisha bafa kwanza kabla ya kumlaumu mnyoo.

*N2 yuko chini sana.* Angalia kwa mpangilio huu: je, kuna miili mizima kwenye sampuli, je, Triton ilikuwemo, je, stima ilipotea usiku na friji ikayeyuka, je, bakteria walioshwa. Cha mwisho ndicho chanzo cha mara nyingi. Kuhusu stima, hifadhi kila aina ya mnyoo kwenye friji mbili tofauti, kwenye gliseroli asilimia 15 kwa digrii 80 chini ya sifuri.

*Mutanti wa ace-1 analingana na N2.* Huenda sahani zilichanganyika. Mnyoo mmoja wa N2 aliyebebwa na kijiti ambacho hakikupitishwa motoni anatosha kuijaza sahani ndani ya wiki. Toa mnyoo mmoja, mkuze peke yake, pima uzao wake. Usomaji wa DNA kwenye sehemu ya mbadiliko utamaliza ubishi.

*Wenye mabadiliko mawili wanazidi kutembea vizuri kila mwezi.* Ama wamechanganyika, ama unachagua bila kujua wale wenye afya kila unapohamisha. Rudi kwenye hifadhi iliyogandishwa.

*Mayai hayaangui baada ya Jik.* Umewaacha muda mrefu, au hukuosha vya kutosha. Punguza dakika 1, ongeza uoshaji 1.

*Kuvu kwenye sahani.* Hutokea sana msimu wa mvua ndefu. Kata kipande safi chenye minyoo, hamishia ukingoni mwa sahani mpya, waache watambae hadi kwenye chakula, kisha safisha mayai kwa Jik. Usifungue sahani yenye kuvu karibu na nyingine.

*Masomo yanarukaruka kwenye mashine.* Mara nyingi ni mapovu ya Triton au alama za vidole kwenye kuveti. Futa pande mbili zinazopitisha mwanga, gonga kuveti taratibu, soma tena. Taa ya mashine nayo ipewe dakika 20 za kupata moto kabla ya kuveti ya kwanza.